Mzungumzaji wa Kiitaliano azitenganishe vipi irabu za Kiingereza?

Mwanagenzi aliuliza:

Salaam kwenu nyote. Naomba msaada wa watu wenye uzoefu wa matamshi, hasa waliowahi kufundisha au kujifunza Kiingereza wakitokea kwenye Kiitaliano. Mimi nilipelekwa Italia nikiwa na umri wa miaka mitatu. Nyumbani tulizungumza Kiswahili, lakini masomo yote, tangu chekechea hadi chuo, niliyapata kwa Kiitaliano, na hadi leo hesabu za kichwani nazifanya kwa lugha hiyo. Kiingereza nilikianza darasani nikiwa na miaka 11, tena kwa kusoma vitabu zaidi kuliko kwa kusikiliza. Sasa huu ni mwaka wangu wa pili nikifanya kazi Uingereza. Sarufi hainisumbui, msamiati ninao wa kutosha, na barua ninazoandika kazini hakuna anayezirudisha. Kinachonikwamisha ni irabu.

Nitoe mfano mmoja, ambao ndio ulionisukuma kuandika. Mwezi uliopita nilimpigia simu mwenye nyumba ninayopanga ili kumweleza kwamba napenda kuendelea kuishi pale mkataba ukiisha. Nikasema, "I want to live here." Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza funguo nitazikabidhi tarehe ngapi. Yeye alikuwa amesikia "leave", yaani kuondoka. Nilirudia sentensi ile ile nikikaza sauti, na kadiri nilivyokaza ndivyo nilivyozidi kumwambia kwamba naondoka. Mwishowe nilikata simu nikamtumia ujumbe wa maandishi.

Shuleni nilifundishwa kwamba "ship" ina i fupi na "sheep" ina i ndefu, basi. Nimejitahidi kuifupisha i hiyo kwa kila namna, lakini wenzangu kazini wananiambia kwamba wanachosikia ni neno lile lile, limesemwa haraka tu. Shida hiyo hiyo ninayo kwa "full" na "fool", kwa "bad" na "bed", kwa "cat" na "cut", na zaidi kwa "work" na "walk", kwa maana nikisema kwamba nafanya kazi usiku watu huelewa kwamba natembeatembea usiku. Jambo jingine linalonishangaza ni kwamba binamu yangu, ambaye hajui Kiitaliano na alijifunza Kiingereza akitokea kwenye Kiswahili pekee, ana makosa yake, lakini si haya yangu.

Je, kuna njia ya kulishughulikia jambo hili kwa mpangilio, na nianzie wapi? Nina miaka 33. Naomba mniambie kwa uwazi kama umri wenyewe umekwisha kunifungia mlango.

Ulimi na Kaakaa alijibu:

Ndugu Mwanagenzi, nimefundisha matamshi ya Kiingereza kwa wazungumzaji wa Kiitaliano kwa muda mrefu, na kisa chako cha simu nimekisikia kwa sura nyingi. Nianze na hayo maelezo ya fupi na ndefu, kwa sababu ndipo ulipopotezwa, ingawa aliyekufundisha hakukudanganya moja kwa moja.

Kiitaliano kina irabu ndefu na fupi, lakini urefu huo haubebi maana peke yake. Unafuata umbo la silabi. Sema "fato", yaani majaaliwa, kisha sema "fatto", yaani jambo lililotendeka. Katika neno la kwanza a ni ndefu kwa kuwa silabi yake iko wazi, na katika neno la pili ni fupi kwa kuwa konsonanti inayoifuata imekazwa, ila ulimi umekaa palepale mara zote mbili. Kwa hiyo Mwitaliano akiambiwa "i fupi" hufanya lile alilolizoea tangu utotoni: hutamka i ile ile, huikata upesi, na mara nyingi huikaza konsonanti inayofuata. Wenzako wanakuambia kweli tupu. Neno ni lile lile, limesemwa haraka.

Katika Kiingereza irabu ya "ship" na ya "sheep" hazikai mahali pamoja kinywani. Mwaka 1952 Gordon Peterson na Harold Barney walichapisha vipimo vya irabu za Kiingereza cha Marekani vilivyotokana na wasemaji 76. Kwa wanaume, mvumo wa kwanza wa kinywa, ambao hupanda kadiri ulimi unavyoshuka, ulikuwa na wastani wa hezi 270, yaani mitetemo 270 kwa sekunde, kwa irabu ya "heed" na hezi 390 kwa irabu ya "hid". Mvumo wa pili, ambao hushuka ulimi unaporudi nyuma, ulitoka 2290 ukafika 1990. Kwa maneno mengine, ulimi wa msemaji yule uliteremka na kurudi nyuma kidogo, na huko ndiko kuliko na tofauti.

Tena urefu wenyewe ni shahidi asiyeaminika. Irabu ya Kiingereza hufupika sana inapofuatwa na konsonanti sighuna kama t, p au k, na hurefuka inapofuatwa na konsonanti ghuna kama d, b au g. Matokeo yake ni kwamba irabu inayoitwa ndefu katika "beat" inaweza isizidi kwa muda irabu inayoitwa fupi katika "bid". Mwingereza hachanganyikiwi hata kidogo, kwa sababu anachosikiliza kwanza si muda, bali ni rangi ya sauti.

Sasa fanya hivi. Simama mbele ya kioo, toa i ya Kiitaliano kama ilivyo katika "vino", uishikilie bila kukata pumzi. Utaona midomo imevutwa pembeni, na utahisi kingo za ulimi zimegusa magego ya juu. Ukiendelea kutoa sauti, uache ulimi ulegee kama mtu anayefungua ngumi, ushuke polepole kuelekea e iliyofungwa ya "venti" kwa maana ya ishirini, na midomo nayo iache kuvutwa. Simama njiani kabla hujaifikia e hiyo. Hapo ndipo "ship", "live" na "sit" zinapokaa. Ukishapapata, ishikilie irabu hiyo kwa sekunde tatu nzima. Wanafunzi wangu mimi huwapa wiki moja ya kutamka "ship" iliyorefushwa kupita kiasi, ndefu kama wito wa mtu aliye ng'ambo ya mto, na "sheep" iliyokatwa fupi kabisa. Ukiweza kuirefusha "ship" bila kuigeuza kondoo, na kuifupisha "sheep" bila kuigeuza meli, kazi ngumu umekwisha kuimaliza. Kwa "full" na "fool" njia ni hiyo hiyo, ila unaanzia kwenye u na kuteremka kuelekea o iliyofungwa.

Kuhusu binamu yako, sababu ni hesabu ya vyumba. Kiswahili kina irabu tano. Kiitaliano sanifu kina irabu saba katika silabi yenye mkazo, kwa kuwa e na o zina namna mbili mbili: "pesca" yenye e iliyo wazi ni tunda, na yenye e iliyofungwa ni uvuvi. Kiingereza cha kusini mwa Uingereza, ukijumlisha na irabu zile zinazoteleza kutoka sauti moja hadi nyingine, kina takribani 20. Wageni 20 wakifika kwenye nyumba ya vyumba saba, au vitano, hulazwa wawili wawili na watatu watatu, na kila mwenye nyumba huwapanga kwa namna yake. Tazama maneno ya mkopo. Neno "club" Kiswahili kilipokea kama "klabu", kwa a, wakati Waitaliano wengi hulitamka kwa e, kama vile lingeandikwa "cleb". "Flash" na "jazz" nazo husikika Italia kwa e. Sisi wenyewe "bank" tuliifanya "benki", na irabu moja ya Kiingereza tukaigawa njia mbili, tukapata "shati" kwa a lakini "sketi" kwa e, ingawa Mwingereza hutamka "shirt" na "skirt" kwa irabu ile ile. Kosa lako na la binamu yako ni kosa la aina moja. Vyumba ndivyo vilivyotofautiana.

Umri nao haukufungii mlango. James Flege na wenzake, katika kazi waliyoichapisha mwaka 1995, waliwasikilizisha wazawa sauti za Waitaliano 240 waliohamia Kanada wakiwa na umri mbalimbali. Lafudhi iliongezeka kadiri umri wa kuwasili ulivyoongezeka, lakini iliongezeka kidogo kidogo, bila umri fulani ambapo uwezo ulikatika ghafla. Hutazaliwa upya ukawa Mwingereza, na sidhani kama ndicho unachokitaka. Kumfanya mwenye nyumba aelewe kwamba unabaki ni jambo unaloweza kulipata ndani ya wiki chache.

Msomaji wa Tahajia alijibu:

Naunga mkono maelezo ya hapo juu, ila naomba niongeze jambo ambalo naona linabeba karibu nusu ya mzigo: Mwanagenzi alijifunza Kiingereza kwa macho. Anayetokea kwenye Kiitaliano, sawa na anayetokea kwenye Kiswahili, amelelewa akiamini kwamba herufi ikiandikwa hutamkwa, na hutamkwa vilevile kila siku. Imani hiyo inamfaa nyumbani. Akiingia nayo kwenye Kiingereza inamponza, kwa sababu tahajia ya Kiingereza ilianza kutulia William Caxton alipoleta uchapaji Uingereza mwaka 1476, wakati irabu ndefu za lugha hiyo zilikuwa katikati ya safari. Kati ya takribani mwaka 1400 na 1700 irabu hizo zilipanda kinywani ngazi kwa ngazi, na zilizokuwa juu kabisa zikavunjika zikawa irabu za kuteleza. Mwanaisimu wa Kidenmaki Otto Jespersen ndiye aliyeyapa mabadiliko hayo jina lake, yaani Mhamo Mkuu wa Irabu. Maandishi yalibaki nyuma. Herufi i ya "time" zamani ilisomeka karibu na vile ambavyo Mwitaliano angeisoma leo, na oo ya "moon" ilikuwa o ndefu kwelikweli.

Chukua "work" na "walk". Mwitaliano huona o katika neno la kwanza, akaitamka o pamoja na r ya ncha ya ulimi, na katika neno la pili huona a na l, akazitamka zote mbili au akaishia kwenye o vilevile. Ukweli ni kwamba "walk" haina l, na irabu yake katika Kiingereza cha leo cha Uingereza iko karibu sana na o iliyofungwa ya Kiitaliano, ikivutwa ndefu. "Work" haina o hata kidogo. Herufi "or" zikitanguliwa na w, na silabi ikiwa na mkazo, kwa kawaida husomwa kwa irabu ya "bird": "word", "world", "worm", "worse", "worth". Kanuni hii moja itakuokoa mara kumi kwa siku.

Na irabu hiyo ya "bird", ambayo Kiitaliano hakina kabisa, usiitafute kwenye kamusi. Msikilize Mwingereza anapositasita katikati ya sentensi akitafuta neno. Mwitaliano akisita hutoa e, lakini Mwingereza hutoa sauti ndefu isiyoegemea upande wowote, ulimi umelala katikati ya kinywa na midomo haifanyi chochote. Iibe sauti hiyo ya kusita, utangulize w na kumalizia k, na "work" imekamilika. Kwa miezi kadhaa nilijizoeza kusita kwa Kiingereza hata nilipokuwa nawaza peke yangu.

Neno moja pia kuhusu o inayosomwa kwa irabu ya "cut". Inapatikana katika "son", "love", "money", "mother", "London" na mengine mengi, na wengi huieleza kwamba waandishi wa zamani waliikwepa u pembeni ya m, n na v kwa sababu vijiti vya herufi hizo vilikuwa vikichanganyikana katika mwandiko wa mkono. Yajifunze maneno hayo kwa sikio, kundi zima kwa pamoja, bila kuyatazama yameandikwa.

Mwanagenzi aliandika:

Nawashukuru sana. Jaribio la "ship" iliyorefushwa nililifanya jana usiku, na kwa mara ya kwanza nilisikia mwenyewe kwamba sauti imehama. Nina maswali mawili zaidi. La kwanza ni kuhusu "cat" na "cut", kwa sababu mwalimu wangu wa zamani alinielekeza niitamke "cat" kwa e iliyo wazi, lakini hapa Uingereza naona vijana wanaitamka kwa kitu ambacho sikio langu linakiita a ya kawaida ya Kiitaliano. La pili ni kwamba mwenzangu mmoja kazini aliniambia, kwa upole, kwamba nazungumza kama mtu anayehesabu tasbihi, kila punje sawa na mwenzake. Sikuelewa hilo linahusianaje na irabu.

Mkaa Napoli alijibu:

Kaka Mwanagenzi, niache wataalamu waendelee na hilo la kwanza, mimi nikujibu la tasbihi, kwa kuwa lilinigusa mimi pia. Nimeolewa Napoli na nimekaa huku miaka kumi na minne, na kabla sijajua Kiingereza vizuri nilikuwa nimekwisha kujifunza lugha ya jiko la mama mkwe wangu. Yeye akitaja mji wake husema "Napule", lakini e hiyo ya mwisho huisikii kama e. Husikika pumzi fupi tu, sauti iliyofifia, isiyo a wala e wala o. Karibu kila neno lake huishia hivyo. Wanaisimu huiita shwa, na kwa hakika hiyo ndiyo irabu inayosikika mara nyingi kuliko zote katika Kiingereza, ingawa haina herufi yake yenyewe.

Kiitaliano sanifu kinaiheshimu kila irabu, iwe na mkazo au isiwe nao. Chukua "fotografo" na "fotografico": mkazo umehama, lakini kila o na kila a imebaki na sura yake. Sasa msikilize Mwingereza akisema "photograph", kisha "photographer", kisha "photographic". Kila mkazo unapohama, irabu zilizoachwa huzimika na zile zilizozimika huwaka. Katika "photographer" silabi ya pili peke yake ndiyo yenye irabu kamili, na nyingine zote ni shwa. Wewe ukizitamka zote kwa ukamilifu, msikilizaji hajui mkazo uko wapi, na kwa kuwa Mwingereza hulitambua neno kwa mkazo wake, hupotea hata kama kila irabu yako moja moja ni sahihi. Hiyo ndiyo tasbihi aliyoisema mwenzako.

Maneno madogo ndiyo yanayodhuru zaidi. "Can", "of", "to", "for", "and", "was": yote haya katika sentensi ya kawaida husemwa kwa shwa. Ukisema "I can do it" na kuipa "can" irabu yake kamili, Mmarekani anaweza kabisa kusikia "can't", kwa sababu katika masikio yake "can" iliyojaa hivyo ni dalili ya kukanusha, na t ya mwisho mara nyingi huwa haisikiki hata anapoisema mwenyewe. Unaahidi kufanya jambo, yeye anaelewa umekataa.

Tena nataka ujue kwamba hata usipotoka Napoli, sauti hii unayo tayari. Mwitaliano akikutana na neno linaloishia kwa konsonanti kama "big" au "stop", mara nyingi huongeza mwishoni kiirabu kidogo ambacho hata yeye hakihisi. Kile kiirabu ni shwa yenyewe, imewekwa mahali pasipotakiwa. Jirekodi ukisema "a big problem", sikiliza mwisho wa "big", ukikikuta kiondoe hapo ukakiweke kwenye silabi ya pili ya "problem". Kwa maoni yangu ungeanza na hili kabla ya "ship" na "sheep", kwa kuwa jozi hizo hukutana mara chache katika mazungumzo, lakini shwa iko katika kila sentensi unayoitoa kinywani.

Ulimi na Kaakaa alijibu:

Dada Mkaa Napoli amelieleza jambo la shwa vizuri kuliko ninavyolieleza darasani, na mfano wa "Napule" nitauchukua. Kwenye mpangilio tu ndipo ninapotofautiana naye. Anayeanza na shwa hujikuta anafifisha kila kitu, hata silabi zenye mkazo, na kwa kuwa irabu zake kamili bado hazijatengana, maneno yake huzidi kufanana. Mimi hutangulia na "live" na "leave" pamoja na "work" na "walk" kwa wiki tatu, ndipo nikaleta shwa, nikairudia hadi mwisho wa mafunzo.

Kuhusu "cat", Mwanagenzi, sikio lako limesikia sawasawa. Mwalimu wako alikufundisha matamshi ya Kiingereza cha kizazi cha zamani, yaliyokuwa juu zaidi kinywani na karibu na e. Wasemaji wengi wa leo wa kusini mwa Uingereza wameiteremsha irabu hiyo hadi karibu na a ya Kiitaliano. Kwa hiyo ukiishi huko, tamka "cat" kwa a ya "gatto" bila woga, na "bad" vivyo hivyo, nawe utakuwa umeitenga na "bed" kwa mpigo mmoja. Matokeo yake ni kwamba "cut" haiwezi tena kukaa kwenye a hiyo. Ianzie kwenye a, kisha punguza uwazi wa taya karibu nusu na uurudishe ulimi nyuma kidogo, midomo ikiwa imetulia. Weka kidole chini ya kidevu: katika "cat" kidevu kitakisukuma kidole wazi, katika "cut" kitakigusa tu. Ungekuwa unaishi Marekani ningekuelekeza vingine, kwa sababu huko irabu ya "cat" bado iko juu, hasa inapofuatwa na m au n. Chagua lahaja moja na uishikilie, kwani anayechukua "cat" ya Marekani na "work" ya Uingereza hukosa mahali pa kuziweka irabu nyingine.

Jambo la mwisho ni sikio. Mwaka 1991 Logan, Lively na Pisoni walionyesha kwamba Wajapani waliweza kujifunza kutenganisha r na l za Kiingereza kwa kusikiliza maneno mengi yaliyosemwa na wasemaji tofauti, huku wakielezwa kila mara kama wamepatia au wamekosea. Njia hiyo imetumiwa baadaye kwa irabu pia, na mimi huiamini kwa yale niliyoyaona. Usisikilize sauti ya mtu mmoja. Waombe wenzako watano au sita wakurekodie "live", "leave", "sit", "seat", "full", "fool", yachanganye, kisha jibu kwa kunyoosha kidole na ujisahihishe papo hapo. Dakika 15 kwa siku zinatosha. Ukitaka kuona kwa macho, kuna programu ya bure iitwayo Praat, iliyotengenezwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, ambayo itakuonyesha mvumo wa kwanza na wa pili wa kila irabu unayorekodi.

Mwanagenzi aliandika:

Narudi baada ya wiki tano. Nilifuata mpangilio wa mwalimu, ila shwa niliianza wiki ya pili kwa kuwa sikuweza kungoja. Wenzangu sita walinirekodia maneno. Siku ya kwanza nilipatia 22 kati ya 40, yaani karibu sawa na mtu anayebahatisha, na juzi nilipatia 36. Katika Praat, mvumo wa kwanza wa "live" yangu ulikuwa hezi 290, hautofautiani na "leave", na sasa unacheza kati ya 370 na 390. Kiirabu cha mwishoni mwa "big" nilikikuta kweli, na nilishtuka kukisikia, kwani ningeapa kwamba sikitamki. Mwenye nyumba nilimpigia tena kuhusu bomba linalovuja, nikataja kwamba nitaishi hapo hadi mwakani, naye akajibu moja kwa moja kwamba amefurahi.

Kilichobaki ni "full" na "fool". Kila nikijirekodi hunirudi kama neno moja, na katika majaribio manne niliyokosa juzi, matatu yalikuwa ya jozi hiyo.

Ulimi na Kaakaa alijibu:

Hongera, ndugu yangu. Kinachokuzuia hapo ni l. Mwishoni mwa neno l ya Kiingereza hutamkwa mgongo wa ulimi ukiwa umeinuliwa nyuma, nayo huivuta irabu iliyotangulia hadi zote mbili zikaribiane, kiasi kwamba wapo hata wazawa wasiozitofautisha. Iache jozi hiyo kwa sasa. Fanya "foot" na "food", "look" na "Luke", "could" na "cooed", ambazo hazina l. Katika "food" ulete ulimi mbele zaidi ya u ya Kiitaliano, karibu kama unayetaka kusema i huku midomo ikiwa imeviringwa kidogo tu, na katika "foot" uurudishe nyuma na kuuteremsha. Zikitengana hizo katika rekodi zako kwa siku kumi mfululizo, ndipo uirudie "full".